Fundi wa choo ameniambia mbele ya mama mkwe kwamba nyumba yangu inakula sana

Mama Wawili wa Sahare
Ndugu zangu wa Tanga, ninaandika haya ufagio ukiwa bado umeegemea mlango na dawa ya kusafishia ikiniwasha macho. Fundi yule mnamjua, sina haja ya kumtaja, kwa maana kuanzia Ngamiani hadi Mikanjuni hakuna mtaa ambao hajauachia harufu.

Leo mchana, mama mkwe akiwa amefika kutoka Pangani kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nyumba hii, maji ya chooni yalipanda badala ya kushuka, yakavuka kizingiti, yakaingia ukumbini na kuufuata mkeka uliokuwa umeandaliwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nilimpigia simu fundi, akaja, akafunua chemba, akachungulia huku ameziba pua, kisha akatamka mama mkwe akisikia: "Bomba halina tatizo, mama. Nyumba hii inakula sana."

Inakula sana! Tuko watu wanne, na mmoja wetu ana miezi saba, bado ananyonya.

Shemeji yangu amefukua. Bomba ni la inchi 4, na kutoka chooni hadi kwenye shimo ni mita 12. Bomba la namna hiyo hulazwa kwa mteremko wa sentimita mbili na nusu hivi kwa kila mita, kwa hiyo ncha ya shimoni ilipaswa kuwa chini kwa sentimita 30. Tulipoweka pima maji juu yake, povu lilitulia katikati kana kwamba tunapima meza, na mahali palipojazwa mchanga usioshindiliwa bomba lenyewe limebonyea, kiasi kwamba kila kinachotoka chooni hufika hapo kikapiga kambi tangu enzi za Wajerumani. Chini ya ukumbi amefunga elbo ya nyuzi 90 bila chemba, mahali ambapo hata mwanzi wa kuzibulia haufiki. Bomba la hewa hakuweka kabisa, ndiyo maana tukivuta maji choo hugugumia kama ngamia, maji yanayobaki kwenye shingo ya choo yanafyonzwa yote, na harufu inapata njia ya kuingia ndani.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini kumwambia mgeni wangu, mama aliyenizalia mume, kwamba nyumba inakula sana! Tangu saa ile mama mkwe anachukua vijiko viwili vya wali na kusema ameshiba.

Mvuvi Mstaafu
Pole sana, dada. Ila tuwe wakweli: wali ulikuwa kilo ngapi?

Kijana wa Makorora
Huyo huyo alinijengea mimi. Bomba la sinki la jikoni aliliingiza kwenye bomba la choo, na kwenye maungio hakutia gundi, alipaka saruji. Mtu akivuta maji chooni, sinki la jikoni linatoa mapovu na masufuria yanacheza. Mke wangu alihamishia vyombo uani mwezi mzima.

Bi Mkubwa wa Chumbageni
Mwanangu, kosa la kwanza ni lako. Bomba halifukiwi kabla ya kumwagiwa ndoo kadhaa za maji, wewe mwenyewe ukiwa umesimama kwenye chemba ukiangalia yanavyofika. Ulikuwa wapi siku ya kufukia?

Mama Wawili wa Sahare
Shikamoo, Bi Mkubwa. Siku ya kufukia nilikuwa hospitali ninajifungua. Lakini hamjanielewa: alisema mbele ya mama mkwe. Angeniita pembeni, angeninong'oneza, ningelipa hata mara mbili.

Mvuvi Mstaafu
Hukujibu swali la kilo.

Mpangaji wa Nguvumali
Ninyi wenye nyumba zenu mna nafuu. Sisi ni vyumba sita, choo kimoja, na mwenye nyumba anasema shimo halijajaa ilhali mfuniko umeshaanza kuinuka. Masika ikifika, maji ya ardhini yanaingia shimoni, na tunajisaidia kwa zamu kama foleni ya mafuta ya taa.

Kijana wa Makorora
Afadhali shimo lenu linajaa mvua. Jirani yangu husubiri mvua kubwa usiku, akazibua lake kuelekea mtaroni, na asubuhi watoto wanapita humo kwenda shule.

Bi Mkubwa wa Chumbageni
Huyo ashitakiwe kwa mtendaji wa mtaa. Lakini msisahau shida ya gari la kunyonya. Shimo langu liko nyuma ya nyumba na gari haliingii uchochoroni, kwa hiyo walilazimika kuunganisha mipira miwili na kuipitisha kwenye ua wa jirani, wakaniapia kwamba imekaza. Iliachana katikati, juu ya kamba yake ya nguo.

Mpangaji wa Nguvumali
Nguo zilikuwa za sikukuu?

Bi Mkubwa wa Chumbageni
Kanzu nne nyeupe. Jirani huyo hajaitikia salamu yangu tangu mwezi wa Ramadhani.