Namleta mzee Uswisi: nimpeleke jumba la muziki la Montreux?

Mpwani Milimani
Asalaam aleikum wanajukwaa. Niko Lausanne mwaka wa nane sasa, kazi yangu jikoni hotelini. Mwezi wa tano inshaallah namleta mzee wangu kutoka Unguja, wiki mbili. Ana miaka 74 na muziki ndio uhai wake. Nataka nimpeleke Montreux, ile studio ya zamani ya Queen, bendi ya Freddie Mercury, ndani ya Kasino, iliyogeuzwa makumbusho. Kwa mliofika: saa moja inatosha? Pana pa kukaa? Wanaruhusu kuingia na mzigo mrefu kidogo? Na vile vyombo vya mle vinarekodi kweli au ni vya kuchezea? Nijibuni haraka, usingizi sipati.

Treni ya Saa Kumi
Waaleikum salaam. Lausanne hadi Montreux ni chini ya nusu saa. Mkae upande wa kulia, mzee aone ziwa. Nilipofika mimi kuingia kulikuwa bure, palikuwa na mahali pa kutia mchango, na pesa zilikwenda mfuko wa Mercury Phoenix unaopambana na UKIMWI. Mkitoka, mpelekeni ziwani kwenye sanamu ya Freddie, ipo tangu 1996, ngumi juu. Kila mtu anapiga picha na ngumi yake juu. Nami nilipiga, mke wangu akaifuta.

Mama Zuhura
Mie sijafika huko ila nimefika makumbusho ya ABBA Stockholm. Kule unaingia kwenye kibanda, unavaa vidude vya masikioni, unaimba. Halafu unapanda jukwaani unacheza na picha zao kama watu kweli. Nilijiona mwimbaji! Nyumbani nikawasikilizisha watoto nilivyoimba, mdogo akauliza, "Mama, huyo mbuzi wa nani?" Tangu siku ile siimbi hata bafuni.

Chura wa Mvua
Mtu anakosa usingizi kwa ajili ya makumbusho ya bure? Haya.

Fundi Redio
Mleta mada, nilifika 2018, nikujibu la vyombo. Ndani kuna meza ya kuchanganyia sauti, na wageni wanaruhusiwa kuigusa. Enzi zile kila kitu kilirekodiwa kwenye njia yake ndani ya ukanda mmoja mpana: ngoma njia zake, besi yake, gitaa lake, sauti ya mwimbaji yake. Kwa hiyo pale unasogeza vitufe, unamshusha mpiga ngoma, unampandisha Freddie mpaka unamsikia akivuta pumzi. Mimi nilisimama pale dakika arobaini nikisikiliza pumzi tu, mlinzi akaanza kunitazama. Lakini elewa: unachanganya walichorekodi WAO. Chako hakiingii. Sasa niambie, huo mzigo mrefu ni nini?

Mpwani Milimani
Ni fidla tu, mkuu.

Fundi Redio
Fidla inafuata nini makumbusho?

Mama Zuhura
Ehee. Sema baba, hapa ni nyumbani.

Mpwani Milimani
Haya. Miaka ya sabini na themanini mzee alikuwa mpiga fidla kwenye kikundi cha taarabu. Nyimbo nne alitunga yeye. Zikarekodiwa kwenye redio moja, ukanda mmoja, basi. Baadaye ukanda ukahitajika kwa kazi nyengine, wakarekodi hotuba juu yake. Mwaka jana aliugua, akanambia kwenye simu: "Mwanangu, nitaondoka, na duniani hakuna pahala fidla yangu inasikika." Ulimi ukateleza. Nikamwambia ntakuleta urekodi studio aliyorekodi Freddie. Neno makumbusho sikulitamka.

Sasa keshawaambia baraza zima. Kanunua nyuzi mpya. Anafanya mazoezi baada ya alasiri, jirani kanitumia sauti. Naombeni msinipige mawe: tiketi nishalipa, visa ishatoka, na uongo sikusema. Ile ni studio kweli. Queen waliinunua 1979, na Freddie alirekodi pale mara ya mwisho mwaka 1991, miezi michache kabla ya kufa. Mpango wangu: tunaingia asubuhi hakuna watu, mzee anatoa fidla anapiga dakika tano, namrekodi kwa simu. Nani atamfukuza mzee wa watu? Itakuwa imerekodiwa Montreux, na itakuwa kweli.

Ustadhi wa Safu ya Mbele
Ndugu, umemdanganya mzazi wako mgonjwa, kisha unataka tukusaidie kuutengeneza uongo uwe mzuri. Tena kwa jina la Freddie! Umesahau 2006 walipotaka kumfanyia sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe, huko huko Mjini alikozaliwa, watu walivyokuja juu kwa mwenendo wake? Mzee atahesabiwa nani akirudi na picha ya kukumbatia sanamu?

Treni ya Saa Kumi
Ustadhi, sanamu ya mita tatu haikumbatiki, utashika goti tu.

Ngamia Mzee
Nyie vijana mnacheka, lakini hili jambo ni la zamani. Siti binti Saad hakurekodi Unguja. Mwaka 1928 alipanda meli na wenzake hadi Bombay kwa ajili ya santuri, kwa sababu mashine zilikuwa huko. Upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu, na wimbo wa taarabu unaujua, dakika tatu bado hata watu hawajakaa vizuri. Ilibidi wakate. Kwa hiyo mzee kuvuka bahari na fidla akafuate mashine, mimi naona ana haki. Bibi yangu alikuwa na gramafoni la kuzungusha kwa mkono, na sindano zikiisha tukitumia mwiba wa...

Mama Zuhura
Ngamia, rudi kwenye mada.

Fundi Redio
Mpwani, nisikilize. Usimrekodi kwa simu kwenye ukumbi ambao nyimbo za Queen zinalia kutwa. Utapata fidla na ngoma za Roger Taylor juu yake, yaani ile hotuba ya redio kwa mara ya pili. Tafuta studio ndogo hapo Lausanne, zinakodishwa kwa saa. Maikrofoni mbili, chumba kimoja, mzee akae kwenye kiti kigumu. Nyimbo nne, masaa matatu, mmemaliza. Montreux mwende kesho yake kutembea.

Mpwani Milimani
Nimelifikiria hilo. Studio ya mtaani haina jina, mkuu. Nitamwambia nini? Barazani watamuuliza, "Studio gani?"

Fundi Redio
Anataka jina au anataka fidla yake isikike? Au anayetaka jina ni wewe?

Chura wa Mvua
Wakuu, kunyweni chai taratibu, ina moto. Nimepekua mada zake za nyuma humu jukwaani. Mwaka juzi aliomba ushauri wa mirathi, akaandika wazi: "Baba yangu alifariki 2016." Leo baba anapiga fidla baada ya alasiri. Naona kesho atatuma namba ya mchango.

Ustadhi wa Safu ya Mbele
Subhanallah. Nilijua.

Mama Zuhura
Jamani, nishalia mie hapa! Mpwani uko wapi?

Treni ya Saa Kumi
Masaa sita kimya. Kama ni chai, hongera zake, ya tangawizi.

Mpwani Milimani
Nilikuwa zamu, nyie mnadhani hoteli inajipikia. Aliyefariki 2016 ni baba aliyenizaa. Huyu ni ndugu yake, baba mdogo, kanilea tangu nina miaka minne. Nimwite nani, mjomba? Kwetu yule ni baba, na sikuona haja ya kukuchorea ukoo. Mchango sijaomba na siombi.

Chura wa Mvua
Hadithi imepata baba wa pili haraka sana. Weka picha ya fidla, sura ya mzee usiweke.

Mpwani Milimani
[picha] Kanitumia jirani sasa hivi. Nami nimempigia, nimemwambia yote. Kanyamaza mpaka nikadhani simu imekata. Halafu akauliza, "Na hiyo tiketi, pesa zinarudi?" Nikasema hazirudi. Akasema, "Basi nakuja. Huyo fundi wa chumba kimoja mwambie sitaki nikatwe."

Chura wa Mvua
Fidla ina nyuzi tatu badala ya nne. Ulisema kanunua nyuzi mpya.

Mpwani Milimani
Ule mwembamba ulikatika juzi, Mjini kaukosa. Kaniagiza niununue huku.

Fundi Redio
Chura, mwongo angeweka nne. Mpwani, nunua nyuzi mbili. Na hiyo studio usiikodi asubuhi, mpe mzee baada ya alasiri.