Tupeane uzoefu: mashine ya msasa inayotumia hewa, wewe imekufundisha nini?

Msasa Laini

Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wa 6 natumia mashine ya msasa ya hewa, ile ambayo pedi yake inazunguka na papo hapo inayumba. Kazi yangu ni bodi za magari, kwa hiyo iko mkononi karibu kila siku.

Ya kwanza niliiua ndani ya miezi 8, na niliamini kabisa kwamba nimeuziwa kitu kibovu. Ilianza kuchoka taratibu. Nikibonyeza mkono wa kuwashia inanguruma, pedi inajikokota, kisha inasimama. Nikaongeza presha, ikapata nguvu siku mbili. Nikaongeza tena. Mwisho ikagoma kabisa. Fundi mmoja mzee aliyekuwa akiniangalia hakutaka hata kuishika. Aliniambia nenda kwenye kompresa, toa hewa, ufungue koki iliyo chini ya tangi. Nikafungua. Yalitoka maji mekundu ya kutu, yakaendelea kutoka hadi nikaenda kutafuta ndoo. Kwa miezi 8 sikuwa nimeigusa ile koki hata mara moja.

Ndipo akanieleza. Hewa tunayoivuta ina unyevu. Kompresa ikiibana, unyevu nao unabanwa, na ikipoa ndani ya tangi maji yanashuka chini. Yakishakuwa mengi yanapanda hosi hadi kwenye mashine, yanaosha mafuta yote, silinda inashika kutu, na zile bledi nyembamba za kwenye rota, yaani kiini kinachozungushwa na hewa, zinavimba na kung'ang'ania ndani ya mifereji yake.

Ya pili ninayo hadi leo. Nafungua koki kila jioni, nimefunga chujio la maji kabla ya hosi, na asubuhi naiwekea matone 4 ya mafuta ya vifaa vya hewa kwenye mdomo wa kuingizia hewa kabla ya kuunganisha. Hayo tu.

Naomba kila mwenye kisa chake akitoe hapa. Ya kwenye vijitabu tumeshayasoma, tuambieni yaliyowakuta.

Fundi Bodi

Mkuu umenigusa. Mimi wa presha.

Mashine nyingi hizi zimetengenezwa kwa PSI 90, yaani kipimo cha presha ya hewa. Nilikuwa naweka geji ya kompresa kwenye 90 na bado mashine inazubaa kila nikiigusisha kwenye puti, ile ya kujazia mabonde ya bodi. Siku nilipofunga geji ndogo pale pale kwenye shina la mashine nikaona ukweli: ikiwa imetulia inasoma 90, nikibonyeza inaanguka hadi 60 na kitu. Hosi yangu ilikuwa ndefu, tundu lake jembamba, na njiani kulikuwa na viungio vitatu vya haraka. Kila kimoja kinakula kidogo. Nikanunua hosi yenye tundu la milimita 10, nikaikata fupi, nikabakisha kiungio kimoja. Bila kugusa kitu kingine chochote, mashine ikawa mpya.

Kwa hiyo soma presha mashine ikiwa inazunguka. Ile ya mashine iliyosimama haikuambii kitu.

Jambo lingine ambalo wengi wanaumia nalo ni ukubwa wa kompresa. Mashine hii inakula hewa kuliko bunduki ya kufungulia nati, kwa sababu nati unaifungua kwa sekunde chache lakini msasa unapiga dakika 10 mfululizo. Ya pedi ya milimita 150 inaweza kutaka lita 300 hadi 480 kwa dakika. Kompresa ndogo ya tangi la lita 50 inazalisha chini ya hapo sana. Nusu dakika umemaliza akiba, na mota haipumziki tena hadi ichemke. Mwenye kompresa ya namna hiyo afanye kazi kwa vipande na aisubiri ijaze, au abaki na mashine ya umeme. Hakuna aibu yoyote.

Randa

Mimi ni seremala, siyo mtu wa magari. Nilichojifunza ni kwamba mkono mzito ndio adui.

Nilikuwa na meza ya mbao ngumu, kazi ya wiki mbili. Nikapiga msasa namba 80, 120, 180, nikapangusa, kwa macho ilikuwa safi. Nilipopaka vanishi ya kwanza ikajaa michirizi midogo iliyojikunja, kama mikia ya nguruwe, meza nzima. Ilibidi nirudi hadi namba 120. Niliumia sana.

Kumbe nilikuwa naikandamiza. Ukiikandamiza, pedi inaacha kuzunguka na inabaki kuyumba tu mahali pamoja, kwa hiyo kila chembe ya mchanga inachora kiduara chake hapo hapo. Jamaa alinifundisha kitu ambacho nawasihi mkifanye leo: chukua kalamu nyeusi, piga mstari mmoja kwenye ukingo wa pedi. Weka mashine juu ya mbao, washa, uangalie ule mstari. Ukiuona unazunguka taratibu, mkono wako uko sawa. Ukisimama, umekandamiza. Ukipotea kabisa kwa kasi, mashine haijakaa bapa au unainyanyua. Niliufanyia mazoezi kwenye kipande cha ubao kwa saa nzima. Uzito wa mkono wenyewe unatosha, usiongeze wa bega.

Na usikimbie. Sentimita mbili au tatu kwa sekunde, huku kila njia ikipanda nusu ya njia iliyotangulia. Kabla ya kubadili namba, futa vumbi lote, kwa sababu punje moja ya namba 80 iliyobaki chini ya karatasi ya 180 itachora kama 80. Matundu ya karatasi nayo yalingane na matundu ya pedi, la sivyo vumbi halina pa kutokea.

Tena tuvae barakoa jamani. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani tangu 1995. Mwalimu wangu wa useremala alikohoa hadi siku zake za mwisho.

Kijana wa Gereji

Asanteni wakuu, nafuatilia kwa makini. Swali: mafuta ya injini hayafai kwenye hii mashine? Na ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu?

Kisiki

Mdogo wangu, vyote viwili nimevijaribu, kwa hiyo nikujibu kwa niliyoyaona mwenyewe.

Mafuta ya injini ni mazito. Yanakaa ndani, yanachanganyika na vumbi, yanageuka gundi. Dawa ya kulegeza kutu inafanya kinyume: siku hiyo mashine itaruka kwa furaha, kisha dawa inakauka na ilikuwa imeshaosha mafuta yaliyokuwamo. Ndani inabaki chuma kwa chuma. Tafuta mafuta mepesi ya vifaa vya hewa.

Mimi yangu ilishagoma na nikaifungua mwenyewe. Nieleze, huenda ikamsaidia mtu. Kwanza jaribu bila kufungua: chomoa hosi, dondosha mafuta kwenye mdomo wa hewa, bonyeza mkono huku ukiizungusha pedi kwa vidole mbele na nyuma. Iache robo saa, rudia, kisha unganisha hewa kwa presha ndogo. Nyingi zinafufuka hapo. Funika tundu la kutolea hewa kwa kitambaa, maana itatapika uchafu mweusi.

Yangu haikufufuka. Nikatoa pedi kwa ile spana nyembamba inayokuja na mashine, nikafungua pete yenye meno inayoshikilia mota, mota ikatoka nzima kama kikombe. Ndani kuna silinda, sahani mbili za juu na chini, beringi, na rota yenye bledi 5. Bledi mbili zilikuwa zimezama kwenye mifereji na hazitoki hata nikizigonga. Moja imemeguka pembe, na kile kipande kilichomeguka ndicho kilichokuwa kimechora mstari ndani ya silinda. Nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, nikakausha. Mstari wenyewe nilipitisha ukucha, haukunasa, kwa hiyo silinda nikaibakiza. Bledi nikabadili zote 5, kwa sababu ukichanganya mpya na kuukuu haziishi sawa.

Pale pa kurudishia ndipo watu wanapokosea. Kuna pini ndogo, haifiki hata ukubwa wa punje ya mchele, inayoipanga silinda ilingane na tundu la hewa kwenye bodi. Ikikaa pembeni, unafunga vizuri kabisa na mashine haizunguki. Nilifungua mara mbili kwa ajili ya ile pini. Ukimaliza, zungusha kwa mkono kabla ya kuunganisha hewa. Bledi mpya utazisikia zikigonga polepole, tik, tik, tik, zikitoka na kurudi mifereji yake. Sauti hiyo ikinifikia najua nimemaliza.

Mama Vanishi

Ndugu zangu, mafuta ni dawa, ila msisahau yanatokea wapi. Yanatoka na hewa na kumwagika kwenye kazi yako.

Nilikuwa nimefunga kile kikombe cha kudondosha mafuta kwenye laini yangu kuu ya hewa, ili mashine ijilainishe yenyewe. Wazo zuri. Halafu nikachomeka bunduki ya kupulizia kwenye hosi hiyo hiyo. Kabati lilijaa vijitundu, rangi inakimbia na kuacha macho ya duara kila mahali. Nilipangusa, nikapuliza tena, yakarudi. Hosi ikishanywa mafuta huwezi kuiosha ikaisha. Tangu hapo nina hosi ya kijani ya msasa na ya bluu ya rangi, na hazikutani. Mashine nikishaiwekea mafuta asubuhi, naizungusha sekunde 20 nje huku tundu la hewa nimelielekeza kwenye kitambaa, ndipo naileta kwenye kazi.

Jahazi Jeupe

Nafanya faiba za boti. Mbili tu.

Pedi ya 150 ilikufa nikafunga ya 125 kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Nyuzi ziliingia vizuri. Mashine ikaanza kutetemeka hadi meno yananiuma. Ndani kuna kipande cha chuma cha kusawazisha kilichopimwa kwa uzito wa pedi yake, ukibadili uzito umevuruga mizani yote, na beringi ndizo zinazolipa.

La pili ni vidole. Hewa inayotoka ni ya baridi, na mtikisiko haukomi. Kuna msimu nilikuwa naamka usiku vidole viwili vya kulia havina hisia kabisa, vyeupe. Soma kijitabu cha mashine, utaona mtikisiko umeandikwa. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2002 linataka mwajiri achukue hatua wastani wa siku ya saa 8 ukifika 2.5, na usivuke 5, kwa kipimo cha mita kwa sekunde kwa sekunde. Tangu nilipojua hayo nagawa kazi, napumzika, navaa glavu ili mikono ibaki na joto. Vidole vimerudi, ila kimoja siyo kama zamani. Ukianza kuona ganzi usisubiri.

Kijana wa Gereji

Nimepata mengi. Leo nimefungua koki ya kompresa ya gereji, kimetoka karibu kikombe kizima. Nitamwonyesha bosi. Swali la mwisho: yangu nikiinyanyua kwenye bodi pedi inakimbia kwa kasi ya ajabu, nikiigusisha tena inachimba. Ni presha?

Msasa Laini

Hongera kwa kufungua koki, mdogo wangu.

Hiyo si presha. Angalia ule mpira laini unaozunguka juu ya pedi kama sketi. Kazi yake ni kuigusa pedi na kuizuia isikimbie ikiwa hewani. Wa kwako utakuwa umelika au umepasuka, na kuubadili ni kazi ya dakika 10. Wakati unausubiri, iguse bodi kwanza ndipo ubonyeze, na uachie mkono kabla hujainyanyua. Piga picha ya huo mpira uitume hapa tuuone.