Tuko mashambani, theluji imefunga njia na ujauzito una wiki 36: tukae au tuondoke mapema?

Mama Mtarajiwa aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri, hasa kutoka kwa wale waliowahi kuwa wajawazito mahali penye baridi kali na mbali na hospitali. Mimi, mume wangu na mtoto wetu mdogo tunaishi mashambani, katika nyumba iliyo peke yake mwisho wa njia ya changarawe. Juzi dhoruba ya theluji ilitupiga usiku kucha. Sasa imetulia, lakini umeme umekatika, na ingawa tumesikia kwamba barabara kuu imekwisha kusafishwa, kipande kinachotoka kwetu hadi huko bado kimefunikwa na theluji inayofika magotini. Watabiri wa hali ya hewa wanasema dhoruba nyingine inakuja mwishoni mwa juma.

Mtoto wa kwanza nilijifungua kwa njia ya kawaida, na uchungu ulikwenda haraka kuliko wakunga walivyotarajia. Barabara ikiwa kavu, hospitali iko mwendo wa dakika 50 kwa gari. Mume wangu anaona tutulie nyumbani, kwa kuwa kuni tunazo, chakula kipo, na tarehe ya makadirio bado iko mbele karibu mwezi mzima. Mimi moyo wangu hautulii. Tuna jamaa mjini, karibu na hospitali, ambao wako tayari kutupokea, ila naona vigumu kuwabebesha mzigo wa wiki kadhaa kwa hofu ambayo pengine ni yangu tu.

Kwa sasa tunaota moto wa jiko la kuni sebuleni, na tumeziba mianya yote ya milango na madirisha kwa mablanketi. Mume wangu anataka kuwasha jenereta ndani ya banda la gari lililoungana na nyumba ili isilowe. Maji ya kisima hayapandi bila umeme, kwa hiyo tunayeyusha theluji. Afya yangu ni nzuri, isipokuwa tangu jana mimi na mume wangu tunaamka na kichwa kizito, nami napata kichefuchefu kidogo ambacho huniacha nikitoka nje kupunga upepo. Nadhani ni uchovu tu. Je, ninyi mngekaa au mngeondoka?

Mkunga Mstaafu alijibu:

Mwanangu, swali la barabara nitalirudia, lakini kwanza tushughulikie hilo ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Watu wawili wa nyumba moja kuamka na kichwa kizito kwa wakati mmoja, kisha mmoja wao kupata nafuu kila anapotoka nje, hatuwezi kukuita uchovu mpaka tuwe na hakika. Hivyo ndivyo inavyojidhihirisha gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hutoka katika moto wowote usiopata hewa ya kutosha. Theluji iliyorundikana juu ya paa huweza kuziba bomba la moshi la jiko, na mianya ambayo ingewaokoa ndiyo hiyo mliyoiziba kwa mablanketi. Usimalize kusoma ujumbe huu ukiwa ndani. Vaeni nguo nzito, tokeni nje nyote pamoja na mtoto, acheni milango wazi, kisha mkiwa huko nje pigeni simu ya huduma za dharura na kuwaeleza mambo mawili kwa pamoja: kwamba mna dalili hizo, na kwamba wewe una ujauzito wa wiki 36.

Ninasisitiza hivi kwa sababu ya huyo aliye tumboni. Kaboni monoksaidi hung'ang'ania hemoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu ya mtoto aliye tumboni huichukua gesi hiyo na kuiachia polepole kuliko damu ya mama yake. Ndiyo maana mama huweza kujisikia amepona kabisa baada ya kupunga upepo, huku mtoto angali anapungukiwa na oksijeni. Mjamzito aliyevuta gesi hii anapaswa kupimwa damu na kufuatiliwa mapigo ya moyo wa mtoto, hata kama kichwa kimekwisha kuacha kuuma. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kisikutulize, kwa kuwa kile cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Kitaonyesha namba nzuri ilhali hali ni mbaya.

Na hata ikionekana kwamba jiko halina kosa, maumivu ya kichwa katika umri huu wa mimba hayaachwi bila kupimwa shinikizo la damu. Kifafa cha mimba huanza kwa dalili kama hizo, hasa zikifuatana na kuona maruerue, kuvimba uso na mikono, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Kwa njia zote mbili, leo unatakiwa kuonwa na mhudumu wa afya. Ukiwa salama tutazungumza mengine.

Fundi wa Vijijini alijibu:

Namuunga mkono mama aliyetangulia kwa kila neno, nami naongeza kuhusu jenereta kabla shemeji yetu hajaiwasha. Jenereta haiwekwi ndani ya banda la gari hata kama mlango wa banda umeachwa wazi, wala barazani, wala chini ya dirisha. Inakaa nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, moshi wake ukielekea mbali na milango na madirisha. Ikiwa hofu ni theluji, itengenezewe kipaa kidogo kilicho wazi pande zote. Wala isichomekwe kwenye soketi ya ukutani ili kuwasha nyumba nzima, kwa sababu umeme huo hurudi kwenye nyaya za nje na huweza kumuua fundi wa shirika la umeme anayedhani kwamba laini imezimwa. Vifaa vichomekwe moja kwa moja kwenye jenereta kwa waya mnene wa kutumika nje, na mafuta yaongezwe baada ya mashine kuzimwa na kupoa.

Matumizi yake yapangwe. Kama pampu ya kisima ina plagi yake, isukume maji kwa muda mfupi mjaze kila chombo, mkichaji simu wakati huohuo, kisha mashine izimwe. Ikiwa pampu imeunganishwa moja kwa moja na nyaya za nyumba, msiiguse bila fundi wa umeme. Mkilazimika kuihama nyumba, fungeni koki kuu na kumwaga maji yote yaliyomo kwenye mabomba, maana maji yakiganda hutanuka na kupasua bomba, na hasara yake huonekana barafu inapoyeyuka. Bomba lililokwisha kuganda halichomwi kwa moto. Hupashwa kwa kikaushio cha nywele au kwa vitambaa vya moto, kuanzia upande wa bomba la kuchotea kurudi nyuma, bomba likiwa limefunguliwa. Na beleshi la theluji, dada, usilishike kabisa. Theluji iliyoloa ni nzito mno, na chini yake mara nyingi kuna barafu isiyoonekana, wakati tumbo la miezi minane limekwisha kukupunguzia uwezo wa kujizuia usianguke.

Mama Mtarajiwa aliandika:

Ndugu zangu, ninawaandikia nikiwa hospitalini. Tulitoka nje tukapiga simu kama tulivyoelekezwa, na katingakatinga la kusukuma theluji lilitangulia, gari la wagonjwa likifuata nyuma yake. Vipimo vya damu vilithibitisha kwamba sote tulikuwa tumevuta kaboni monoksaidi. Mimi nimewekewa oksijeni kwa muda mrefu kuliko mume wangu na mtoto, na daktari amenieleza kwamba ni kwa ajili ya aliye tumboni. Shinikizo la damu ni zuri. Moyo wa mtoto unapiga vizuri, nami nimekuwa nikiusikiliza kwenye mashine bila kuchoka. Watu wa zimamoto walipanda juu ya paa wakakuta theluji iliyoganda imefunika mdomo wa bomba la moshi, ikabaki nafasi ndogo tu pembeni. Mama Mkunga, sina maneno ya kukushukuru.

Mume wangu sasa anakubali twende kwa jamaa, lakini bado anauliza kama ni lazima tukae huko mpaka nijifungue, au turudi nyumbani mara umeme utakaporejea na bomba kusafishwa.

Mama wa Watatu alijibu:

Pole sana dada, na tumshukuru Mungu kwa wema huo. Mimi ningekaa mjini, na nitaeleza kwa nini, kwa kuwa watoto wangu wawili kati ya watatu walizaliwa katikati ya majira ya theluji nami nikiishi mbali na hospitali kama wewe. Dakika 50 ulizozitaja ni za barabara kavu. Baada ya dhoruba, mwendo huohuo unategemea kama katingakatinga limepita, kama kuna mti ulioanguka njiani, na kama gari litapanda mlima uliojaa barafu usiku. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo utakachoweza kukirekebisha ukiwa na uchungu. Umeme kurejea hakufungui barabara, na ukizingatia kwamba uzazi wako wa kwanza ulikwenda haraka, wa pili huenda ukawa mfupi zaidi.

Kuhusu haya ya kuwabebesha watu mzigo, naomba uiweke kando. Niliishi kwa wifi yangu mimba ya mwisho, nikisaidia kazi nyepesi za kukaa, na hakuna aliyeona mzigo. Jambo lililonisumbua lilikuwa mtoto mkubwa kuzoea mahali pageni, na kwa hilo nakushauri mwende mapema, ili siku ya mdogo wake kuzaliwa isiwe ndiyo siku ya kwanza yeye kulala bila mama katika nyumba asiyoizoea. Kitabu cha kliniki, nguo za mtoto na dawa zako za kila siku vikae kwenye begi moja lililo tayari mlangoni.

Mumeo akirudi nyumbani kuangalia mabomba, amwage pia chakula kilichokaa kwenye jokofu bila umeme. Jokofu lililofungwa hutunza ubaridi kwa takriban saa 4 tu, na friza iliyojaa kwa saa 48 isipofunguliwa. Kwa mjamzito hili si suala la kuharisha tu, kwa sababu bakteria wa listeria, wanaoweza kuzaliana hata penye ubaridi wa jokofu, humpata mjamzito kwa urahisi kuliko watu wengine na huweza kumdhuru mtoto huku mama akihisi homa ndogo tu. Theluji mliyokuwa mkiyeyusha nayo haiwi maji ya kunywa mpaka ichemke kwa nguvu kwa dakika 1, au 3 kama mnaishi juu sana milimani.

Mama Mtarajiwa aliandika:

Tumekubaliana, tutakaa mjini. Limebaki swali moja ambalo linaninyima usingizi. Hata mjini theluji inaweza kuanguka usiku na gari likakwama. Nitajuaje wakati wa kuondoka, na mtoto akitutangulia njiani tufanye nini?

Mkunga Mstaafu alijibu:

Nimefurahi sana kusikia sauti ya moyo wa mtoto inasikika vizuri. Wajawazito wengi hufundishwa kungoja mpaka uchungu uje kila baada ya dakika 5, ukidumu dakika 1, kwa muda wa saa 1. Kanuni hiyo inamfaa anayezaa mara ya kwanza na ambaye njia yake ni fupi. Wewe usiingoje. Uchungu ukianza kuja kwa mpangilio, hata kama bado ni mwepesi, piga simu hospitalini na uanze safari, hasa kama nje kunaanguka theluji. Kurudishwa nyumbani kwa sababu umewahi mno si aibu. Chupa ikipasuka, ukiona damu, au ukihisi mtoto amepunguza kucheza, usihesabu dakika zozote, nenda.

Kabla ya gari kuwashwa, mumeo aondoe theluji kwenye bomba la moshi la gari, na afanye hivyo tena kila mnapokwama huku injini ikinguruma, kwa sababu bomba lililozibwa hurudisha ndani ya gari gesi ileile mliyoikimbia. Ndani ya gari kuwe na taulo kadhaa safi, mablanketi, kofia ya mtoto, maji, tochi na simu iliyojaa chaji.

Ukihisi kusukuma kusikozuilika, asiendeshe kwa kasi ili kushindana nako. Aegeshe mahali salama, awashe taa za tahadhari na hita, apige simu ya dharura na kuiacha kwenye spika, maana wahudumu watamwongoza hatua kwa hatua. Kichwa kikitokea akishike kwa kukiegemeza tu, bila kuvuta. Mtoto akishatoka, amfute haraka mwili wote kwa taulo, kwa kuwa majimaji yakibaki mwilini humpoza upesi sana, na kule kufutwa pia humchochea kupumua. Taulo hilo lililolowa litolewe, mtoto alazwe kifuani pako ngozi kwa ngozi, avalishwe kofia, kisha mfunikwe nyote wawili huku uso wake ukiwa wazi. Joto lake la mwili lisishuke chini ya nyuzi 36.5, na kifua cha mama ndicho kinachomtunza vizuri kuliko blanketi peke yake. Kitovu kisikatwe wala kisivutwe. Kondo la nyuma likitoka lenyewe liwekwe kwenye mfuko karibu na mtoto, likiwa bado limeungana naye, na umnyonyeshe kama atataka, maana kunyonya husaidia mfuko wa uzazi kujikaza na kupunguza damu.

Siku ya kumtoa hospitalini, msimfunge kwenye kiti cha gari akiwa amevaa koti nene, kwa sababu koti hubonyea gari likigongwa na mikanda ikalegea. Avae nguo nyepesi za tabaka kadhaa, mikanda ikazwe ipasavyo, na blanketi lifunikwe juu ya mikanda.