Naomba ushauri: mguu wa mwanangu unaweza kuokolewa?

Mama wa Umoja: Hamjambo ndugu zangu. Kijana wangu wa miaka 14 alianza kulalamikia maumivu juu ya goti la kulia, nasi tukadhani ameumia mpirani. Zahanati moja ilimpa dawa za maumivu kwa miezi miwili kabla ya eksirei kuonyesha uvimbe mfupani. Sasa tumeelekezwa Hospitali ya Kenyatta kwa kipimo cha nyama, yaani kuchukua kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe, na daktari ametaja osteosakoma, aina ya saratani ya mfupa. Jamaa wanasema mguu lazima ukatwe, wengine wanataka akachuliwe kijijini. Je, kuna upasuaji unaoondoa saratani na kuuacha mguu?

Muuguzi wa Embakasi: Pole sana, mama. Upasuaji huo upo. Kipande cha mfupa chenye uvimbe huondolewa pamoja na nyama safi inayouzunguka, kisha pengo huzibwa kwa kiungo cha chuma au kwa mfupa mwingine. Kwa kawaida hutanguliwa na tibakemikali (dawa za kuua chembe za saratani) ya takriban wiki 10, ambayo huendelea tena baadaye. Nakusihi hasa jambo hili: mpasuaji atakayeondoa uvimbe ndiye achukue nyama ya kupima, au aelekeze pa kupitisha sindano, kwa sababu njia hiyo huweza kubeba chembe za saratani na itabidi iondolewe pia. Ikipita pasipofaa, mguu ambao ungeokolewa unaweza kupotea. Na asichuliwe kabisa.

Baba Tumaini: Binti yetu aliwekewa chuma gotini akiwa na miaka 16. Leo anatembea, ingawa alirudishwa chumba cha upasuaji mara mbili kwa sababu kidonda kilitunga usaha, jambo ambalo sikuambiwa mapema. Mwanao bado anakua, kwa hiyo uliza miguu itapishana urefu kiasi gani. Tena usiuchukie ushauri wa kukata ukitolewa: ikiwa uvimbe umezingira mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu, kung'ang'ania mguu kunaweza kuacha saratani mwilini. Uvimbe ukitoka wote, nafasi ya kuishi hukaribiana kwa njia zote mbili.

Mama wa Umoja: Asanteni mno. Kipimo ni Alhamisi. Kesho nitamwomba mpasuaji aione picha ya MRI kwanza. Baba Tumaini, binti alikanyaga chini lini?

Baba Tumaini: Wiki ya pili, kwa magongo. Mazoezi ya kukunja goti ndiyo yaliyomliza zaidi, nasi tuliyafanya nyumbani kila jioni kwa miezi mingi.