Kofia za kichawi kwenye makaburi ya Salem: ruksa, au ziachwe getini?

Mleta mada:
Wakuu, kila Oktoba mji wa Salem, Massachusetts, unafurika wageni wa Halloween, ile sherehe ya kujivika vinyago vya kutisha, na wengi hawakosi kupita makaburi ya Charter Street, yaliyoanza 1637. Wanakuja na kofia ndefu nyeusi, mifagio, damu ya rangi usoni.

Kuzuru makaburi sina neno. Hizo kofia ndizo zinanikera. Ukuta kwa ukuta na makaburi hayo kuna kumbukumbu iliyojengwa 1992 kwa ajili ya watu 20 waliouawa 1692 kwa kusingiziwa uchawi. 19 walinyongwa, mzee Giles Corey, miaka yake kama 80, alirundikiwa mawe kifuani mpaka akafa kwa kukataa kujibu mashtaka. Hao hawakuzikwa hapo. Hakimu John Hathorne aliyewahoji ndiye mwenye kaburi, na jiwe lake lipo hadi leo! Halafu mtu anajivika uchawi, anapiga selfi kando ya jina la bibi aliyenyongwa akikana kuwa mchawi.

Sisi wa Shinyanga hatucheki. Huku bikizee akiwa na macho mekundu kwa moshi wa jikoni tu, minong'ono inaanza, na wapo waliokatwa mapanga kwa hilo.

Kapelo:
Mkuu unakuza mambo. Mji unakula kupitia hao hao wageni. Na Wamarekani kutembea makaburini hawakuanza jana: makaburi ya Mount Auburn, pale Cambridge ya huko huko Massachusetts, yalifunguliwa 1831 na watu wakawa wanakwenda kupunga upepo. Mtoto mwenye kofia akiuliza "huyu nani?", si ameshajifunza?

Binti Lamu:
Kwetu kuzuru makaburi ni sunna, kunakumbusha akhera. Ila unaingia kwa salamu, na kaburi hulikalii. Vinyago vya nini?

Mpalizi:
Mie Mkatoliki. Novemba 2 tunapalilia makaburi na kuwasha mishumaa, na watoto wanacheka humo humo. Kwa hiyo furaha si tatizo. Ila kwa hao wa Salem namuunga mkono mleta mada.

Mleta mada:
Kapelo, hao wa Mount Auburn walikwenda na nguo zao za kawaida. Sijasema mji ufungwe. Mtu aache kofia getini, azunguke, akitoka aivae aendelee na sherehe yake mtaani. Hapo nani kaharibiwa biashara?

Kapelo:
Na mlinzi wa kukusanya kofia za umati wote huo atalipwa na nani, wewe?