Nina elfu sitini: nisomee uamuzi wa kitini au ninunue kamera? (tenisi, Nairobi)

MstariWaNyuma

Wadau, habari za jioni. Nisomeni hadi mwisho kabla ya kunirushia mawe.

Mimi ni mwamuzi wa mstari kwenye tenisi hapa Nairobi, huu mwaka wa tisa. Si kazi ya kuniweka mjini. Mjini naishi kwa kuuza kava na chaja pale Luthuli. Lakini wikendi kukiwa na mashindano ya vijana au ya klabu, mimi husimama nyuma kule, mikono magotini, macho kwenye mstari, hadi shingo inakauka. Nilianza nikiwa muokota mipira, nikapandishwa cheo siku ambayo mwenye kazi hakutokea kwa sababu ya mvua.

Majuzi kumetokea jambo. Fainali ya watoto, kiwanja cha udongo, seti ya pili imebana. Mpira wa mtoto mmoja ukatua nyuma ya mstari, nikaita auti. Alama iko pale, nyuma kwa upana wa kidole, hata kipofu angeipapasa. Mzazi mmoja akasimama na simu: "Apu inasema ndani!" Mwamuzi mkuu akashuka, akaangalia alama, akasema auti. Ningedhani yameisha. Jioni klipu iko kwenye grupu la wazazi, mimi nimeandikiwa "kipofu wa Nairobi", na hakuna hata mmoja kati ya waliocheka aliyekuja kuangalia ule udongo.

Sikulala vizuri. Si matusi, matusi nimeyazoea. Ni kwamba niliona kazi yangu inakwenda wapi. Wimbledon wenyewe mwaka 2025 wamewaondoa waamuzi wa mstari baada ya miaka 147. Na watazamaji nao si wale. Zamani mtu alikuja asubuhi na chupa ya chai, akaondoka jioni. Sasa pointi kali ikiisha, swali la kwanza jukwaani ni "nani amerekodi?"

Nimeweka KSh 60,000. Naona njia mbili. Nijisomee uamuzi wa kitini, yule anayekaa juu ya kiti kirefu na kusimamia mechi nzima, nipande beji (ngazi za waamuzi) polepole, kozi na nauli zikiwa juu yangu. Au ninunue simu nzuri ya mitumba na stendi, niwe yule jamaa wa kurekodi mechi za watoto na kuwakatia wazazi klipu. Zote mbili kwa pamoja pesa haitoshi. Nina mke na mtoto mmoja, na mke wangu anasema nirudi Luthuli Jumamosi, siku ambayo wateja wanajaa.

Mngekuwa mimi mngefanya nini?

---

KibandaChaMayai

Mke wako ana akili. Uzi ufungwe.

---

FundiWaPicha

Usimsikilize huyo wa mayai. Kaka, kwanza nikuondolee uchungu wa hiyo apu, kwa sababu kamera ndiyo kazi yangu.

Mpira wa mtoto ukienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde unakata mita 22. Simu ikirekodi picha 30 kwa sekunde, kati ya picha moja na inayofuata mpira umesogea zaidi ya sentimita 70. Ile nukta ulipogusa chini huenda haimo kwenye picha yoyote. Apu inakisia. Zipo zinazokisia vizuri, kama SwingVision, na kwa mazoezi zinasaidia sana. Lakini simu moja imefungwa kwenye uzio, tena imekaa upande, haiwezi kubishana na alama iliyo kwenye udongo kwa tofauti ya kidole.

Hawk-Eye unayoiona kwenye televisheni ni mnyama mwingine. Ni kamera kumi na zaidi juu ya uwanja, zote zinaangalia mpira mmoja kutoka pembe tofauti, na kompyuta inapiga hesabu ya njia ya mpira. Makosa yake ni milimita chache tu. Mzazi wako ameona jina moja, "kamera", akadhani ni kitu kimoja.

Ushauri wangu: simu. Lakini si kwa ajili ya kuamua auti. Siku utakayomwambia mzazi kwamba video yako inaamua mstari, umejiletea kesi.

---

MamaWaWawili

Mimi ni mzazi wa tenisi, na pengine niko kwenye grupu kama hilo. Pole kwa uliyofanyiwa. Ila niwatetee wazazi kidogo.

Haturekodi ili kuwaaibisha waamuzi. Mtoto wangu mkubwa anatafuta nafasi chuoni Marekani, na makocha wa kule wanaomba video. Tangu Mkenya mwenzetu Angella Okutoyi ashinde Wimbledon mwaka 2022, ubingwa wa wasichana wawili-wawili na yule Mholanzi Rose Marie Nijkamp, kila mzazi hapa mjini anajua njia ipo. Mimi mwenyewe nilianza kuota kwa kipande cha sekunde thelathini nilichotumiwa kwenye WhatsApp. Mechi yenyewe sikuiona.

Sasa nikuambie tunachotafuta na hatupati. Si klipu za kupendeza zenye muziki. Kocha tuliyewasiliana naye alitaka seti nzima bila kukatwa, kamera imesimama nyuma ya uwanja, juu, pande zote mbili zinaonekana. Alitaka kuona mtoto anatembeaje baada ya kupoteza pointi. Mimi nikirekodi, mkono unatetemeka, nikipiga makofi picha inaangalia mawingu. Wewe unajua mchezo, unajua kukaa kimya, na jua la saa saba limekuzoea. Nitalipa mtu kama huyo.

---

MkekaWaUsiku

Naomba nikiri dhambi hapa. Mimi ni shabiki mkubwa wa tenisi na sijawahi kutazama mechi nzima maishani.

Nabeti. Tenisi haina sare, ndiyo raha yake, na saa tisa usiku mpira wa miguu umelala lakini kuna mtu Australia au Amerika Kusini anapiga raketi. Natazama namba tu. 15, 30, 40, kanukta kanazunguka kuonyesha nani anaanzisha mpira. Majina siwezi kuyatamka. Najua nani amechoka kwa jinsi namba zinavyokwenda polepole.

Kwa hiyo mwenye uzi, kitini. Hizo namba zangu nani anaziandika? Si mwamuzi, pale juu, kwenye kile kikompyuta?

---

BintiWaMtwapa

😂 Wallahi huyu ndiye shabiki wa kisasa, mpira hauoni lakini ajua nani kachoka.

Nami nina changu. Mwaka 2025 Australian Open walirusha mechi YouTube kama katuni, kwa sababu haki za picha halisi walikuwa washaziuza. Wachezaji wamefanywa vikaragosi, lakini nyendo zao ni zile zile za kweli, zimechukuliwa na kamera za uwanjani. Mdogo wangu alitazama mechi nzima! Yeye ambaye mechi ya watu wenye nyama na damu hamalizi gemu mbili. Nilicheka hata machozi yakanitoka, kisha nikahuzunika, kisha nikakaa nikatazama naye.

---

BadoKitini

Nimesoma yote. Mimi ni mwamuzi wa kitini, nimezunguka nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kati, sitasema beji gani. Nitaandika kirefu, mnisamehe.

Kaka, kazi ya mstari kule juu imekwisha. Usijidanganye. Australian Open waliondoa watu viwanja vyote mwaka 2021, ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, wakaamua kwamba kuanzia 2025 mashindano yao yote mashine ndiyo inaita. Mwaka huo kwenye Grand Slam, yale mashindano manne makubwa, walibaki Wafaransa peke yao, Roland Garros, na wao wanajivunia alama ya udongo. Wimbledon walikuwa na waamuzi wa mstari kama 300 hivi. Waliobaki ni kama 80, wanaitwa wasaidizi wa mechi, wanamsindikiza mchezaji akienda msalani na kusubiri mashine izimike.

Lakini hayo ni ya kule. Huku kwetu, kwenye mashindano madogo ya ITF, shirikisho la tenisi la dunia, mara nyingi mwamuzi wa kitini yuko peke yake. Hana watu wa mstari, hana kamera. Anaita kitini, na kwenye udongo anashuka kusoma alama. Na kusoma alama si mchezo. Mpira haukanyagi kama muhuri. Unabonyea, unateleza, unaacha yai refu. Ukisoma yai kutoka upande usio wake, umeua mechi. Wewe una miaka tisa ya kusoma mayai hayo. Kuna vijana wanakuja kozini wanajua sheria zote kwa kichwa na hawajui alama ipi ni ya mpira huu na ipi ni ya gemu iliyopita.

Mwaka 2025 Madrid, kwenye udongo, mchezaji Zverev aliona mashine imesema ndani, alama inasema auti. Akatoa simu, akapiga picha ya udongo, akapewa onyo. Zamani angemwita mwamuzi ashuke. Ule mgogoro wako na mzazi, kaka, ni huo huo umegeuzwa: kwako simu ilibishia alama, kwake alama ilibishia mashine.

Na mashine nayo ina mwenyewe. Mwaka huo huo Wimbledon, uwanja mkubwa kabisa, mechi ya Pavlyuchenkova dhidi ya Kartal, mtu alizima mfumo wa kuita mstari upande mmoja kwa makosa. Mpira ukatoka wazi, kimya. Mwamuzi akasimamisha mchezo, pointi ikarudiwa. Watu wakamlaumu mwamuzi: wewe huna macho? Ana macho. Ila ukikaa miezi unasikiliza sauti iliyorekodiwa ikikuitia, jicho linapoa.

Sasa la mkeka. Ndugu yangu ameuliza kwa utani, mimi najibu kwa uzito. Ndiyo, namba zinatoka kitini. Unabonyeza, na sekunde chache baadaye mtu ameshaweka pesa duniani kote. Kwa hiyo utatafutwa. Atakuja mtu mpole, atakuuliza tu uchelewe kubonyeza kidogo. Refa mmoja wa Kazakhstan alifungiwa maisha mwaka 2015 kwa mambo ya kuchezea namba hizo. Posho ya kitini ni ndogo, jaribu ni kubwa. Kama una deni la nyumba mwezi huu, usipande kwanza.

---

MkekaWaUsiku

Mzee wangu umenikausha koo.

---

MamaWaWawili

Na wewe wa mkeka, ukipoteza usiende kumtukana mchezaji mtandaoni. Mwaka 2024 WTA, chama cha tenisi ya wanawake, na ITF walihesabu karibu posti 8,000 za matusi na vitisho kwa wachezaji, na karibu nne kwa kila kumi zilitoka kwa watu waliokasirikia mikeka yao. Wengine wa hao wachezaji ni watoto wa watu.

---

MzeeWaParklands

Vijana, mimi natazama tenisi tangu McEnroe akigombana na waamuzi, na sina machozi kwa ajili ya mashine. Mashine haikuja kwa hila. Ilikuja kwa sababu mwaka 2004 US Open, Serena Williams alinyang'anywa mipira iliyo ndani wazi dhidi ya Capriati, dunia nzima ikiona kwenye televisheni. Nilikuwa nimekaa na marehemu kaka yangu, tukapiga meza. Miaka miwili baadaye wachezaji wakapewa haki ya kupinga uamuzi kwa kuomba picha ya mashine.

Kinachonisikitisha ni kwamba kile kipindi cha katikati ndicho kilikuwa kitamu, na kimepita. Mchezaji anainua kidole, uwanja mzima unaanza kupiga makofi kwa mdundo mmoja, ta, ta, ta, picha inaonyesha mpira ukishuka polepole, kisha uwanja unalipuka. Binadamu kakosea, mashine kasahihisha, watu wameburudika. Sasa sauti inasema auti, mchezaji anageuka, saa ya sekunde 25 inahesabu, twende kazi. Haki imepatikana. Shangwe imekwenda wapi?

Hata mechi wamezifupisha. Isner na Mahut walipocheza saa 11 na dakika 5 mwaka 2010, 70 kwa 68 seti ya mwisho, siku tatu! Tangu 2022 haiwezekani tena, wanamaliza kwa pointi kumi za kuvunja sare. Wanasema watazamaji wa leo hawana subira. Mimi nilikuwa nayo, hakuna aliyeniuliza.

Ushauri? Sina. Ila ukirekodi, acha sauti ya jukwaa isikike. Usiweke ule muziki.

---

KibandaChaMayai

Nimerudi. Narudisha maneno. Mwambie mke wako Jumamosi moja kati ya mbili.

---

MstariWaNyuma

Wadau, asanteni. Nimesoma nikiwa dukani, mteja mmoja ameondoka bila chaja kwa sababu sikumsikia.

@FundiWaPicha zile sentimita 70 nimeziandika kwenye karatasi, niko nazo mfukoni. @BadoKitini umenigusa kwa lile yai, na lile la deni pia, kwa sababu deni lipo. Kwa hiyo kitini si mwaka huu. Nimeongea na mama watoto: simu ya mitumba na stendi ndefu isizidi elfu 35, iliyobaki inakaa, isiguswe, hadi kozi itangazwe hapa hapa Nairobi nisilipe nauli. Amekubali kwa sharti kwamba video nizikate usiku, si dukani. Mstari siuachi. Siku nikirekodi siiti, siku nikiita sirekodi.

Lingine, na hapa nahitaji msaada wa haraka. Yule mzazi wa "kipofu wa Nairobi" amepata fununu, sijui kwa nani. Amenitumia ujumbe leo asubuhi, salamu ndefu, shikamoo ya familia nzima, kisha anauliza kumrekodia mwanawe mechi mbili Jumamosi ijayo ni pesa ngapi.

---

MamaWaWawili

Elfu tatu kila mechi. Alipe kabla.

---

FundiWaPicha

Na ufunge stendi upande ule ambao hakai yeye.