Naomba ushauri: banda la mbwa wangu linaingia maji na upepo

Assalaam alaikum ndugu zangu. Niko Konde, Pemba. Nina shamba la mihogo na migomba, na mbwa mmoja dume, mzee sasa, ananilindia tumbili. Analala huko huko shamba.

Masika haya nikienda alfajiri namkuta amejikunyata pembeni, manyoya yamelowa mgongoni, anatetemeka. Baridi yetu si ya theluji, najua, lakini mbwa mzee aliyelowa anaumia. Na kipupwe ndicho hicho kinakuja. Upepo wa kusi ukivuma usiku huku bondeni, hata mtu anatafuta blanketi.

Banda nimelijenga mwenyewe: juu bati, pembeni mbao za makasha, chini udongo mtupu. Mlango unatazama kusini, na naona hilo ndilo kosa langu kubwa. Nataka niugeuze kaskazini, kisha banda niliinue juu ya matofali. Nilimtandikia viroba na nguo kuukuu. Zikilowa hazikauki, zinanuka, na viroboto wamejaa.

Sasa nimtandikie nini? Majani makavu ya mgomba, au maranda ya seremala? Shemeji yangu aliyeko Uingereza anasema kule huweka mabua makavu ya ngano, maana hayashiki maji kama nguo. Huku ngano sina. Tena banda ni pana, wangelala mbwa watatu. Nilipunguze ili joto la mwili wake libaki ndani?

Aliyewahi kufuga anielekeze tafadhali, mbwa huyu amenitumikia miaka tisa.